Deni la Msikilizaji

Kuna kauli mbili ambazo mtu mmoja huzitamka asubuhi na jioni bila kuona kwamba zinapingana. Ya kwanza ni "kila mtu na ladha yake". Ya pili ni "huu si muziki, ni kelele tu". Siku ya soko pale Mitaboni, eneo la Kathiani, Kaunti ya Machakos, zote mbili zina nafasi yake. Duka moja limetoa spika nje na kufungulia benga ya Kikamba, la pili linajibu kwa nyimbo za injili, na bodaboda inapita na muziki wa vijana wa Nairobi. Anayeudhika hulitetea chaguo lake kwa kauli ya kwanza na kulipiga chaguo la jirani kwa kauli ya pili.

Haziwezi kuwa kweli zote mbili. Kama ladha haina hoja, basi anayeuita muziki wa mwenzake kelele hasemi lolote la kukubaliwa wala kukataliwa. Lakini watu hubishana kuhusu nyimbo kwa joto lile lile wanalobishania mipaka ya shamba, kwa sababu wanaamini kuna kitu cha kweli kinachogombewa. Swali ni la falsafa na ni la dini pia: msikilizaji anapotoa rai, anawajibika kwa nani, na kwa lipi?

Mfano mmoja unaolifungua swali hili unatoka mbali, ingawa una damu ya Afrika Mashariki ndani yake. Mnamo Novemba 1978 bendi ya panki ya London iitwayo X-Ray Spex ilitoa albamu yake ya kwanza, Germfree Adolescents. Mwimbaji na mtunzi wake alikuwa msichana wa miaka 21 aliyejiita Poly Styrene, jina la ile plastiki nyepesi ya kufungashia bidhaa. Wazazi walimpa jina Marianne Joan Elliott-Said. Alizaliwa Bromley mnamo Julai 1957. Baba yake alikuwa Msomali, na mama yake, mzungu wa asili ya Scotland na Ireland, ndiye aliyemlea katika mtaa wa Brixton. Siku alipotimiza miaka 19 aliwaona Sex Pistols, bendi nyingine ya panki, wakipiga kwenye gati ya mji wa Hastings, wakati ambapo watu wachache tu waliwajua. Haukupita muda akaweka tangazo gazetini kutafuta vijana wa kuunda nao bendi.

Albamu hiyo ina nyimbo 12 zinazokwisha kwa muda usiofika dakika 40. Gitaa linakwaruza, ngoma zinakimbia, na kando yake inavuma saksafoni, chombo ambacho bendi nyingi za panki hazikuwa nacho. Juu ya hayo yote iko sauti ya Poly Styrene, ambayo haikulainishwa hata kidogo. Anaanza mstari kwa sauti ya msichana wa mtaani anayezungumza, kisha anaipandisha mpaka inakuwa mbiu. Kisha ghafla, katika wimbo uliobeba jina la albamu, mwendo unapungua na sauti inatulia, naye anasimulia habari za kijana anayeogopa vijidudu kiasi cha kusugua meno mara kumi kwa siku. Aliyemzoea akipaza sauti hushtuka kusikia upole huo. Wimbo huo ulifika nafasi ya 19 kwenye chati ya Uingereza, na albamu yenyewe ikafika nafasi ya 30.

Rai za wasikilizaji juu ya sauti hiyo ziligawanyika tangu siku ya kwanza, na hazijaungana mpaka leo. Yupo anayeisikia akazima redio. Yupo anayesema hakuwahi kusikia mwanamke akiimba bila kuomba ruhusa namna ile. Wote wawili wamesikia mawimbi yale yale ya hewa. Nani kati yao ameisikia albamu?

Ili kulijibu swali hilo, inafaa kwanza kutenganisha mambo ambayo watu huyafunga pamoja. Rai ya msikilizaji mara nyingi ni rai tatu. Ya kwanza ni habari za moyo: napenda, sipendi. Hapo mwenye moyo ndiye shahidi pekee, na hakuna wa kumpinga. Kipendacho moyo ni dawa. Ya pili ni dai juu ya kazi yenyewe: wimbo umetungwa vizuri, mpiga ngoma anachelewa, mashairi hayana kitu. Dai kama hilo linaweza kuonyeshwa kwa kidole, na mwingine akasikiliza tena na kukubali au kukataa. Ya tatu ni hukumu ya maadili: wimbo huu unafaa kusikilizwa, au haufai. Hiyo inataka sababu ambazo hata asiyeupenda wimbo, au anayeupenda mno, anaweza kuzipima.

Madhara huanza pale ya kwanza inapovaa kanzu ya tatu. "Sipendi" ikageuka kuwa "Mungu hapendi", na mtu ambaye masikio yake hayajazoea mlio fulani akajiona amepewa ujumbe kutoka juu.

Kuhusu rai ya pili, ile ya kazi yenyewe, mwanafalsafa David Hume wa Scotland aliandika mwaka 1757 insha maarufu kuhusu kipimo cha ladha. Ndani yake anakisimulia upya kisa kutoka Don Quixote, kile cha jamaa wawili wa Sancho Panza walioitwa kuonja divai ya pipa. Mmoja alionja akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Mwenzake akasema ni nzuri, ila ina ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, ndani yake ukakutwa ufunguo mkuukuu uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Hume anamaanisha kwamba ladha ni ya ulimi, lakini ufunguo ulikuwa kwenye pipa. Yapo mambo ndani ya kazi ya sanaa ambayo msikilizaji mmoja anayagundua na mwingine yanampita, na asiyeyagundua hana ushindi kwa sababu tu waliocheka ni wengi.

Hume aliorodhesha sifa za mwamuzi wa kuaminika: akili timamu, hisia nyepesi, mazoezi, kulinganisha kazi nyingi, na moyo usio na chuki wala upendeleo uliotangulia. Kwa mizani hiyo msikilizaji aliyeisikia Germfree Adolescents mara moja, kupitia ukuta wa jirani, bado hajawa mwamuzi. Ana haki ya kusema imemuudhi. Hajapata haki ya kusema haina kitu.

Sifa ya mwisho katika orodha hiyo ndiyo iliyomshinda Hume mwenyewe. Mwaka 1753, katika tanbihi aliyoiongeza kwenye insha yake kuhusu tabia za mataifa, aliandika kwamba anashuku watu weusi wako chini ya wazungu kwa maumbile. Watu wa zama zake walikuwa wakimtaja Francis Williams, Mjamaika mweusi aliyesoma na kutunga mashairi ya Kilatini. Hume alimpuuza kwa kumfananisha na kasuku anayetamka maneno machache sawasawa, bila kuchambua hata shairi lake moja. Mwaka 1770 Mskoti mwenzake, James Beattie, alimjibu hadharani kwamba madai yake hayana uthibitisho.

Tanbihi hiyo ina uzito mkubwa kwa yeyote anayefikiri juu ya rai za wasikilizaji. Mtu aliyejua kuliko wengi kwamba chuki huziba masikio alizibwa yake mwenyewe na hakujua. Kanuni yake ilikuwa sahihi, lakini haikumwokoa, kwa sababu aliitumia kwa divai na mashairi ya watu aliowatambua kuwa watu sawa naye. Hapa ndipo suala la ladha linapoingia kwenye haki. Kabla ya kuuliza kama sauti ni nzuri, msikilizaji huwa ameshaamua, mara nyingi bila kujua, kama mwenye sauti ni mtu anayestahili kusikilizwa.

Ukambani unalijua jambo hilo kwa historia yake. Kabla ya misheni, nyimbo za Wakamba zilikuwa sehemu ya kazi, ya ndoa na ya ibada. Katika kilumi, wanawake wazee walipiga ngoma ndefu na kuimba ili mvua inyeshe au mgonjwa apate nafuu, na ngoma hiyo haijafa mpaka leo. Africa Inland Mission ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895, ikafika Machakos mwaka 1902, na waliobatizwa walitakiwa kuziacha ngoma. Wamishonari wengi waliamini kwa dhati kwamba wanaokoa roho za watu. Lakini ili kuamua kwamba kilumi ni ya giza ilibidi kwanza kuielewa: nani anaimba, anamwomba nani, anaomba nini. Wengi wao walihukumu mlio kabla ya kuyaelewa maneno.

Biblia waliyoileta ina kisa kinachowahusu. Katika Kutoka 32, Musa na Yoshua wanashuka mlimani na kusikia makelele kambini. Yoshua, kijana wa vita, anasikia vita. Musa anasikiliza vizuri zaidi na kumwambia kwamba si kelele za washindi wala za walioshindwa, watu wanaimba. Baadaye Musa anakasirika sana, kwa sababu nyimbo zile zilikuwa za kumsujudia ndama wa dhahabu. Mpangilio wa kisa hicho unafaa kuzingatiwa. Kwanza Musa anatambua kwa usahihi anachokisikia, kisha anakwenda kuona kinachoimbiwa, ndipo anahukumu. Hukumu yake ni kali, lakini haikutangulia masikio. Naye mwandishi wa Mithali 18 anamhesabu mtu anayejibu kabla ya kusikia kuwa mpumbavu mwenye kujiletea aibu.

Mwaka 1945 Wakamba waliotaka kuongoza ibada zao wenyewe walianzisha African Brotherhood Church, ABC, kanisa lililoota mizizi Mitaboni na ambalo jina lake linabebwa na shule za huko. Kuanzishwa kwake hakukumaliza mjadala wa nyimbo. Kulibadilisha waamuzi. Tangu hapo swali la ni mdundo gani unaingia kanisani lilikuwa mikononi mwa watu wanaojua Kikamba na wanaojua mdundo huo ulizaliwa wapi. Leo mwimbaji wa injili wa Machakos hupiga gitaa la benga lile lile linalopigwa baa, na wapo wazee wa kanisa wanaokunja uso na wapo wanaoinuka kucheza. Wote wanabishana kutoka ndani. Hiyo ni hatua kubwa, hata kama hawatapatana.

Benga yenyewe ni mtihani mzuri wa masikio. Mgeni husikia wimbo mmoja unaorudiwa mara elfu. Mwenyeji husikia gitaa mbili zinazojibizana, besi inayotembea peke yake, na ile sehemu ambapo waimbaji wananyamaza na gitaa linachukua usukani mpaka wachezaji wanapagawa. Katika santuri ndogo za miaka ya 1970 na 1980, wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa nyuma, kwa hiyo mwenye santuri alilazimika kuinuka na kuigeuza ili apate utamu wote. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walitawala uwanja huo tangu katikati ya miaka ya 1970 mpaka alipofariki mwaka 1987, na kwa kuimba pia Kiswahili aliwafikia wasikilizaji nje ya Ukambani.

Lakini kwa swali la sauti na hukumu, hakuna walio karibu zaidi na Poly Styrene kuliko Kalambya Sisters. Mabinti hao waliimba pamoja na Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wimbo wao Katelina ulivuma ndani na nje ya Kenya. Sauti zao ni nyembamba na za juu, karibu za watoto, na zinang'ang'ania noti bila kuyumba. Yuko anayezisikia akatabasamu, na yuko anayeomba redio ipunguzwe. Wimbo wenyewe unasimulia habari za Katelina, mwanamke anayependa kangara, pombe ya kienyeji, na anayepata mimba mwaka baada ya mwaka.

Asiyejua Kikamba huusikia wimbo mtamu wa kucheza. Anayejua Kikamba ana kazi ngumu zaidi. Je, mabinti wanamcheka Katelina, wanamwonea huruma, au wanaionya jamii iliyomwacha hivyo? Mzee wa kanisa anayesikia neno kangara na kuufunga mjadala amesikia neno moja. Shabiki anayesema "ni wimbo tu, tucheze" naye amesikia mdundo mmoja. Kila mmoja ameruka hatua ambayo Musa hakuiruka.

Dini zenyewe hazikuwahi kulichukulia suala hili kijuujuu. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, anakiri katika Maungamo yake, yaliyoandikwa karibu na mwaka 400, kwamba alilia machozi aliposikia nyimbo za kanisa, na kwamba aliogopa pale sauti ilipomgusa kuliko jambo lililoimbwa. Pamoja na hofu hiyo aliunga mkono kuimba kanisani. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye vitabu vyake vimesomwa katika madrasa za pwani yetu kwa vizazi vingi, alitenga sehemu nzima ya kitabu chake Ihya kwa adabu za kusikiliza. Akiwafuata waliomtangulia, alieleza kwamba sauti nzuri haitii moyoni kisichokuwamo, inachochea kilichomo. Kwa hiyo jambo moja linaweza kumfaa huyu na kumdhuru yule, na anayetoa hukumu lazima aangalie wimbo, mwimbaji na moyo wa anayesikia.

Naye nabii Amosi aliipindua meza yote. Katika sura ya 5 Mungu anakataa kelele za nyimbo na vinanda vya ibada, kwa sababu wanaoimba wanamnyima maskini haki. Muziki ulikuwa mtakatifu na bado haukusikilizwa. Kwa Amosi, kinachoutia wimbo unajisi ni dhuluma inayofunikwa nao. Ukiipeleka rai hiyo kwenye albamu ya 1978, jambo la ajabu linatokea. Nyimbo za X-Ray Spex, zilizoitwa kelele, zinahoji mtu anayejaza maisha yake kwa vitu vya dukani mpaka hajui yeye ni nani. Mnamo Aprili 30, 1978 bendi hiyo ilipanda jukwaani Victoria Park, London, katika tamasha kubwa la Rock Against Racism la kupinga ubaguzi wa rangi. Nabii yule angewaelewa bila kuhitaji kupenda saksafoni yao.

Wenye mamlaka kwa kawaida hawana subira hiyo. BBC iliupiga marufuku wimbo wa Sex Pistols kuhusu malkia mnamo 1977, na bendi hiyo ilipotoa albamu yake ya kwanza Oktoba ya mwaka huo, maduka makubwa yalikataa kuiuza. Mwezi uliofuata meneja wa duka moja la Nottingham alifikishwa mahakamani kwa kubandika dirishani jalada lenye neno lililodaiwa kuwa chafu. Profesa wa Kiingereza aliyekuwa pia kasisi alitoa ushahidi kumtetea, na mahakama ikamwachilia. Kesi nzima ilihusu jalada. Nyimbo hazikuwa kizimbani.

Kenya nayo ilipitia mjadala wa jamaa hiyo mwaka 2019, pale Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilipoupiga marufuku wimbo Takataka, na kutaka Wamlambez na Tetema zisipigwe nje ya baa na vilabu. Wazazi wengi waliunga mkono, na si kwa ujinga: Takataka ulimtusi mwanamke aliyemkataa mwanamume, na mzazi ana haki ya kuuliza binti yake anafundishwa nini juu ya thamani yake. Hoja hiyo ina miguu ya kusimamia, kwa sababu inataja maneno ya wimbo na madhara yake, na mpinzani anaweza kuijibu. Hoja isiyo na miguu ni ile iliyowaunganisha vijana wote wa gengetone, ule muziki wa vijana wa Nairobi, kwa tamko moja, kwamba wanachopiga si muziki. Ya kwanza ni hukumu ya maadili iliyotolewa baada ya kusikiliza. Ya pili ni "sipendi" iliyopandishwa cheo.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika sanaa methali hiyo inahitaji muda mrefu sana ili itimie, na wakati mwingine inahitaji wanunuzi wapya. Jarida la Rolling Stone la Marekani lilipochapisha orodha ya albamu 500 bora mwaka 2003, Germfree Adolescents haikuwamo. Lilipoitengeneza upya mwaka 2020 kwa kuwapigisha kura waamuzi wengine, ilikuwamo. Nyimbo hazikubadilika hata noti moja katika miaka hiyo 17. Waliobadilika ni waliokaa kwenye baraza.

Wapo watakaosema hilo linathibitisha kwamba yote ni mitindo inayopita. Ushahidi hauelekei huko. Kama rai zote zingekuwa sawa, kuongeza aina ya watu kwenye baraza kusingeleta tofauti yenye maana. Kungekuwa ni kubadilisha kelele kwa kelele. Kilichotokea ni kwamba watu waliokuja na masikio yasiyoshtushwa na sauti ya mwanamke mwenye asili ya Kiafrika waliweza kufika kwenye mambo yaliyokuwa ndani ya albamu tangu 1978. Waliukuta ufunguo ndani ya pipa. Mmoja wa nyimbo hizo unaifananisha akili ya mtu na mfuko wa plastiki uliojaa takataka za matangazo. Mkenya anayeusikia baada ya Agosti 28, 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza na kutishia faini ya hadi shilingi milioni 4, ana njia ya kuufikia wimbo huo ambayo msikilizaji wa kwanza wa London hakuwa nayo.

Poly Styrene mwenyewe alilipa gharama ya kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Mwaka 1978, baada ya onyesho mjini Doncaster, alisema ameona mwanga wa waridi angani. Alilazwa hospitali na kuambiwa ana skizofrenia. Ilichukua miaka mingi kabla ya kutambuliwa kwamba ugonjwa wake ulikuwa mwingine, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Bendi ilivunjika mwaka 1979, na katika miaka ya 1980 alijiunga na waumini wa Hare Krishna. Alihitaji tiba, na si haki kuugeuza ugonjwa wake kuwa unabii. Lakini msomaji wa Biblia atamkumbuka kuhani Eli, aliyemwona Hana akisogeza midomo hekaluni na kumdhani amelewa, ilhali alikuwa akiomba mtoto. Eli alikuwa mzoefu wa ibada, tena mahali pa ibada, na bado aliisoma sala kuwa ulevi. Sifa yake ni kwamba Hana alipojieleza alisikiliza, akaibadilisha rai yake papo hapo, akambariki.

Hapo ndipo deni la msikilizaji linapoonekana kwa ukamilifu. Hadaiwi kupenda. Anadaiwa kusikiliza kabla ya kusema, kusema ni rai ipi kati ya zile tatu anayoitoa, na kuwa tayari kuibadilisha akioneshwa alichokikosa. Akishalipa hayo, anaweza kukaa na kutopenda kwake kwa amani. Hume aliliona hili pia: kijana wa miaka 20 humpenda mshairi wa mapenzi, na akifika 50 humgeukia mwanahistoria mzito, na hakuna aliyekosea kati ya hao wawili. Bibi wa Mitaboni aliyekulia kwenye nyimbo za kulima matuta pamoja, na mjukuu wake mwenye spika ya bodaboda, wanaweza kusikilizana kwa haki na bado wasipatane kabisa. Tofauti kama hiyo ni ya umri na tabia, na haihitaji mshindi.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo haiwezi kungoja. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, wenye nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuandika rai zao juu ya muziki huo, wengi bila kujua neno moja la lugha zinazoimbwa. Rai zao ni halali na nyingine ni nzuri. Lakini wanawake na wanaume walioununua Katelina ukiwa mpya, wakaucheza katika harusi na kumbi za Machakos, wakaenda kanisani Jumapili na kusikia unakemewa, wengi wao bado wako hai na sasa ni wazee. Wao wanajua kama Katelina alichekwa au alililiwa. Mwalimu wa sekondari ya Mitaboni anaweza kuwatuma wanafunzi wake likizo hii wakiwa na daftari na simu ya kurekodia, wawakalishe wazee hao mbele ya wimbo huo, sehemu ya kwanza na ya pili, na kuandika wanachosema kwa Kikamba chao. Vituo vya redio vya Kikamba, kuanzia Musyi FM, vina uwezo wa kufanya hivyo kwa vijiji vingi kwa mkupuo. Swali la kuanzia liwe jepesi: mlipousikia mara ya kwanza, mlisikia nini?